Darasa Alilolirudisha Mbaluka

Ukiuliza watu wa Shauri Moyo, hapa Nairobi, nyumba ya Mbaluka iko wapi, watakuambia uende pale shule. Usitafute watoto wenye sare. Shule yenyewe ilihama zamani, ikavuka barabara ikaingia kwenye ghorofa jipya ambalo rangi yake imekwisha kubanduka, na jengo la kale likabaki nyuma ya kanisa, mawe matupu na paa la vigae vyekundu. Humo ndimo anamoishi rafiki yangu Mbaluka Ndolo, seremala na mchongaji, mtu mkaidi kuliko wote niliowahi kula nao ugali. Mimi naitwa Shiundu. Nimeendesha lori la taka la kanjo, yaani baraza la jiji, mpaka nikastaafu, na nyumba za mji huu nimeziona kutoka mgongoni, mahali ambapo mwenye nyumba hajipambi. Kwa hivyo nikikuambia nyumba fulani ni nzuri, jua sisifii bure.

Na ile ni nzuri, bana. Ni madarasa mawili tu, yameshikana ubavu kwa ubavu, na veranda moja ndefu mbele yake, imesimama juu ya nguzo za mwerezi. Mawe yalichongwa kwa mkono. Ukiyasogelea unaona alama za patasi, na hakuna jiwe lililofanana na jirani yake. Kuta ni nene hivi kwamba unaweza kukaa dirishani na kikombe chako cha chai, miguu ikining'inia, na bado pakabaki mahali pa kuweka sahani ya mandazi. Paa limeinuka juu sana, na chini yake pameachwa matundu ya hewa pande zote mbili. Joto linapanda, linatokea huko, linakwenda zake. Mwezi wa pili, sisi wa nyumba za kanjo tukiwa tunaiva kama viazi, mle ndani mtu anaitisha sweta.

Madirisha nayo yako juu. Wamishenari waliolijenga waliyaweka juu makusudi, ili mtoto akikaa kwenye benchi asione barabara wala watu wanaoelekea sokoni Gikomba. Mimi nilisoma mle nikiona mawingu tu. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nayajua mawingu kuliko hesabu.

Aliyetufundisha darasa la kwanza, lile darasa la upande wa kanisa, ni Mwalimu Perez. Alikuwa mke wa mtu wa reli, nyumba yao iko Makongeni, na kila asubuhi alikuja kwa miguu akipitia Jogoo Road, viatu mkononi siku za mvua, akivivaa pale kwenye veranda baada ya kupangusa nyayo zake. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakupiga kelele hata siku moja, na sijui alifanyaje, lakini akisema jina lako, hata kama ulikuwa unawaza chakula, roho yako yote ilirudi darasani mbio.

Mbaluka alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Walimu wengine siku hizo walikuwa wanafunga mkono huo kwa kitambaa mpaka mtoto ajifunze kutumia ule mwingine. Mwalimu Perez alimwacha. Akamhamisha tu hadi mwisho wa benchi ili asigongane viwiko na jirani, na jirani mwenyewe nilikuwa mimi. Siku moja huyo Mbaluka alikamatwa akichonga mdomo wa dirisha kwa msumari, amepanda juu ya benchi wakati wa mapumziko, amechora kitu alichosema ni twiga. Mwalimu hakumchapa. Alimpa kipande cha msasa akamwambia alainishe pale mpaka aweze kupitisha shavu lake bila kukwaruzwa. Mbaluka alisugua wiki nzima. Sisi tukimcheka, yeye wala, alikuwa amependa. Baba yake alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu, huko Ukambani, lakini Mbaluka mwenyewe husema kazi ya mbao aliipata kwa Mwalimu Perez, na mimi naamini kwa sababu nilikuwa pale.

Sasa, ungetarajia mtu kama huyo na mwalimu wake wabaki marafiki mpaka uzeeni. Wangebaki, kama Mbaluka hangeenda kumpenda Jacklyne.

Jacklyne ni binti wa Mwalimu Perez, wa mwisho. Alikuwa karani kwenye duka la mbao, na Mbaluka alianza kununua mbao nyingi kuliko kazi aliyokuwa nayo. Nilimwambia wazi, wewe Mkamba unakwenda kuposa kwa Wajaluo, utawaambia nini? Kumbe hilo halikuwa na shida. Wazee walikaa, wakazungumza, ng'ombe wakaenda Ugenya, kwao Jacklyne, harusi ikafanyika kanisani. Shida ilikuja kwa jambo ambalo pande zote mbili zilikubaliana mia kwa mia, na kama unawajua Wakamba na Wajaluo, utajua hilo si jambo la kila siku. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wakamba wana jina lake, nthoni, na Wajaluo wana lao, lakini sheria ni moja. Hamshikani mikono. Hamwitani kwa majina. Hamtazamani usoni. Na mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake, iwe Ugenya, iwe Wamunyu, iwe Nairobi.

Basi ikawa hivyo. Siku ya harusi Mwalimu Perez alimpoteza mwanafunzi wake. Mbaluka akimwona anakuja kwa mbali, anavuka barabara. Kanisani huyu anakaa kulia, yule kushoto. Ujumbe unapitia kwa Jacklyne hata kama wote watatu wako kwenye veranda moja. Mwalimu akija kuwatembelea wajukuu, anaingia kwangu, anakula kwangu, mke wangu Eve ndiye anampikia, na wajukuu wanaletwa hapo kumsalimu. Mimi siwezi kusema ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na waliishika wote wawili kwa nguvu sana. Lakini nilikuwa naona uso wa Mbaluka akipita ng'ambo ya barabara, na nilikuwa naumia kwa niaba yake.

Mbaluka na Jacklyne walilea watoto wao katika chumba kimoja cha kanjo, kama sisi wote, pazia katikati. Kazi yake aliifanyia pale shule ya zamani, kanisa lilikuwa linampangishia kama karakana. Miaka yote hiyo ndiye aliyepanda juu kubadilisha vigae vilivyopasuka, ndiye aliyezibua mifereji, hakuna aliyemtuma. Kanisa lilipoamua kuliuza jengo, walikuja watu na magari makubwa waliotaka kulibomoa. Wazee wa kanisa wakasema bora limwendee aliyelitunza. Mbaluka akauza kipande chake cha shamba huko Wamunyu, akalinunua.

Nilimshauri. Nilimwambia ndugu yangu, bomoa, simamisha ghorofa, pangisha vyumba, kaa chini ule uzee wako. Kila mtu huku Eastlands anafanya hivyo na hata leo nasema ingelipa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kama nimeona jinsi mbao za paa zilivyoshikana bila msumari. Nikajua nimepoteza pumzi yangu.

Darasa la mbali na kanisa ndilo aliloligeuza nyumba, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mtu mwingine angepandisha kuta mpaka juu ajipatie vyumba vitatu vya giza. Yeye alijenga kuta za mbao zinazoishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, ili hewa ile ya juu iendelee kutembea nyumba nzima na mbao za paa zionekane kutoka kila kitanda. Mabenchi mabovu aliyafanya makabati. Na yale madirisha ya juu, ambayo mimi ningeyapasua yateremke, hakuyagusa hata jiwe moja. Aliinua sakafu. Upande wa madirisha alijenga jukwaa la mbao, unapanda ngazi fupi, unakaa, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe mtu aliyeketi anaona barabara. Siku aliyonikaribisha nikae pale, niliona watu wanaoelekea Gikomba, mama mmoja na kuku wake, mkokoteni umejaa mitumba, nikacheka peke yangu. Utoto wangu wote nilikuwa nimenyimwa sinema hiyo.

Kwa hivyo usiniambie Mbaluka hajui nyumba. Anajua kuliko wote. Ndiyo maana kosa alilofanya na lile darasa la upande wa kanisa lilinishangaza, ingawa ukilitazama vizuri, ni kosa ambalo fundi mwenye upendo tu ndiye angelifanya.

Mwalimu Perez alikuwa amestaafu, mumewe amekufa, amerudi Ugenya anaishi peke yake. Mwanawe wa kiume, Opiyo, yuko ng'ambo anafanya kazi. Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kushoto lilizimika kabla hajajua ni ugonjwa. La kulia lilikuwa linaona katikati tu, pembeni giza, na daktari alimwambia Jacklyne bila kuzunguka: matone kila siku asubuhi na jioni, kliniki bila kukosa, au na hilo litakwenda, na likienda halirudi. Akija kliniki Nairobi alikuwa analala Makongeni kwa rafiki yake wa zamani, mama Ondiek. Halafu huyo mama akachukuliwa na mwanawe kwenda Kisumu. Kwangu ni chumba kimoja na wajukuu, hata paka analala kwa zamu. Ikawa Mwalimu anakuja na basi la usiku, anakwenda kliniki, anakula kwa Eve, na jioni anapanda basi lingine pale kituo cha Machakos Kantri kurudi. Mwanamke wa umri huo. Baada ya safari chache akaanza kusema amechoka, kliniki itangoja. Tukasikia ameanguka kwenye njia ya chooni. Matone nayo alikuwa anaona aibu kumwomba jirani amwekee, anajiwekea mwenyewe, mengi yanaishia shavuni.

Jacklyne alikuwa hali chakula. Mbaluka akafunga kazi za watu akaingia darasa la upande wa kanisa, lile lile tulilosomea, akasema anamtengenezea mama chumba.

Na alikitengeneza, jamani. Akaweka dari nyeupe ya jipsam yenye taa ndogo ndogo. Sakafu ile nyekundu ya kale akaifunika kwa vigae vyeupe vinavyong'aa. Ubao uliokuwa ukutani, ule wa simiti iliyopakwa rangi nyeusi, akaupiga plasta, ukuta ukawa laini kama hapakuwa na kitu. Akachonga kitanda. Akachonga mlango, na huo mlango ulimla miezi: maua, ndege, mto unaopita chini, yote kwa mkono wa kushoto. Watu walikuwa wanatoka Pumwani kuja kuutazama. Eve alisema kama ni yeye angelala nje makusudi ili autazame.

Mwalimu Perez alikuja siku ya kliniki. Mbaluka, kwa heshima, alikuwa amejificha kwenye kibanda cha uani alikohamishia karakana. Jacklyne akamshika mama yake mkono akampandisha veranda. Mwalimu akasimama mbele ya mlango ule, akaupapasa kuanzia juu hadi chini, polepole, kila ndege, kila ua. Alikaa hapo muda mrefu. Mimi nilifikiri tumeshinda.

Kisha akarudisha mkono wake mfukoni. "Jacklyne," akasema, "hii ni nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Ni nyumba ya mume wako. Sasa mimi nitalalaje hapo?"

Jacklyne alijaribu. Alisema hapa ni Nairobi, mama, si nyumbani. Alisema wewe ni mtu wa kanisa, unaogopa chira, laana ya kuvunja mwiko? Mwalimu akasema chira haiogopi, ila amekuwa mtu mwenye adabu maisha yake yote na haoni kwa nini aache sasa kwa sababu ya jicho. Hakuvuka kizingiti. Akala kwetu kidogo, akamshukuru Eve, akaomba apelekwe kituoni.

Nilikasirika, sitaficha. Nilisema mila gani hii ya kumpofusha mtu. Eve akaniambia ninyamaze, kwa sababu mama yangu mwenyewe hakuwahi kulala kwa dada yangu, na nilikuwa naona sawa. Nikanyamaza, lakini hasira haikuisha.

Siku kadhaa zikapita bila Mbaluka kuonekana. Nilipokwenda kumwona nilimkuta kwenye ngazi, anashusha ile dari ya jipsam. Nilidhani amechanganyikiwa. Akaendelea kushusha, akinieleza kwa ule upole wake unaokera. Alisema alikosea. Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mkwe mwingine Nairobi nzima anacho, akakiharibu. Mwalimu Perez asingeweza kulala katika nyumba ya mkwe wake, lakini alikuwa akiingia mle kila siku ya maisha yake ya kazi na hakuna mila iliyomkataza, kwa sababu palikuwa shule. Yeye, Mbaluka, kwa kila pigo la nyundo alikuwa anapafanya pawe nyumba. Kadiri alivyopapamba ndivyo alivyomfungia mlango.

Nikamwambia sawa, rudisha ubao, weka benchi mbili, mwambie mama ni shule, mambo yaishe.

"Mwalimu hadanganywi," akasema. "Kama pametoka kwangu, ni pangu. Lazima pasiwe pangu."

Sikuelewa mpaka Jumapili. Baada ya matangazo Mbaluka alisimama kanisani, mtu asiyependa kusimama mbele za watu, akasema darasa la upande wa kanisa analirudisha. Si kwa kukodisha, si kwa kuazima. Linarudi mikononi mwa kanisa, liwe la shule ya Jumapili, na yeye na watoto wake hawatalidai. Alikuwa na ombi moja tu, kwamba kanisa limtafutie shule hiyo mwalimu anayejua kazi, na mwalimu huyo alale hapo hapo kazini, kama walimu wa zamani. Kila mtu alijua anamaanisha nani.

Nilimfuata nje nikamwita mjinga mbele ya mke wake. Nusu ya jengo! Shamba la baba yake lilikwenda hapo! Jacklyne alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Mbaluka alinishika bega akasema Shiundu, nusu iliyobaki inatutosha, sisi tumelala chumba kimoja miaka yote.

Basi akaanza kurudisha. Nimeona watu wengi wakigeuza jengo kuwa nyumba, sijawahi kuona mtu akigeuza nyumba kuwa shule kwa mikono yake mwenyewe. Mlango wa ndani uliokuwa unaunganisha madarasa mawili aliuziba kwa mawe, na mawe yenyewe aliyachonga kwa patasi yafanane na ya zamani, hata huwezi kujua palikuwa na njia. Vigae vyeupe akavibandua kimoja kimoja, sakafu nyekundu ikatokea, imekwaruzika, akaisugua kwa nta mpaka ikarudi kung'aa. Akachanganya simiti na masizi, akaupiga ubao upya ukutani, mahali pale pale. Mabenchi yaliyobaki aliyatoa stoo ya kanisa akayaunga miguu. Akafungua lango dogo kwenye ua ili anayeingia darasani apitie kanisani, asikanyage kwake hata hatua moja. Na ule mlango wa maua na ndege akautoa. Akatundika wa zamani, wa mbao nzito zisizo na pambo, ambao alikuwa ameuhifadhi nyuma ya karakana. Nilimsaidia kuubeba ule wa kuchonga na ulikuwa mzito, na hakuutazama wakati tunaubeba.

Kitanda, aliomba cha chuma kutoka kanisani, kile cha wageni. Akakiweka pembeni, nyuma ya kabati fupi. Kile alichokichonga yeye hakikuingia.

Mchungaji ndiye aliyempigia simu Mwalimu Perez. Alimwambia ukweli wote, na pia kwamba kanisa lina watoto na halina mwalimu. Mwalimu aliuliza maswali mengi. Mwisho akasema atakuja, lakini ataamua akishafika, na kama ni mchezo wa kumzunguka atarudi Ugenya na asiombwe tena. Jacklyne aliniambia mama yake alikuwa amekosa kliniki ya pili mfululizo, na kwamba sasa sauti ya mtu akiisikia kutoka pembeni anageuza kichwa chote kumtafuta. Nikahesabu nafasi zilizobaki za kuliokoa jicho lile. Ilikuwa moja.

Mwalimu alikuja Jumamosi mchana. Tulipitia lango la kanisani, Jacklyne amemshika mkono, mimi nyuma na mkoba wake. Mkoba mdogo tu, wa mtu ambaye hajaamua. Mbaluka alikuwa upande wake wa veranda, mbali, amesimama nyuma ya nguzo ya mwisho, ametazama ukuta, kama inavyompasa. Kulikuwa na watoto wachache wa shule ya Jumapili ndani, Eve ndiye aliyewakalisha kwenye mabenchi akawaambia watulie.

Mwalimu Perez alisimama kizingitini. Akainua mguu akavuka.

Alitembea mle ndani peke yake, hakutaka kushikwa. Alipita kati ya mabenchi bila kugonga hata moja. Akafika ukutani, akaweka kiganja mahali palipokuwa na mlango wa kwenda upande wa Mbaluka, akapapasa mawe, kushoto, kulia, juu, akitafuta njia. Hakupata. Akauliza alale wapi, Jacklyne akampeleka kwenye kitanda cha chuma. Akakishika. Akauliza ni cha nani. Cha kanisa, mama. Jacklyne alinitazama, macho yamejaa, na mimi nikaangalia chini kwa sababu sikuwa na la kumsaidia.

Halafu Mwalimu akarudi mbele ya darasa, akageuka, akasimama wima, na kwa ile sauti ya chini ambayo nilikuwa nimeisahau kumbe sijaisahau, akaita.

"Mbaluka Ndolo."

Tangu siku ya harusi hakuwahi kulitaja jina hilo. Mkwe hatajwi, na akitajwa haitikii. Kule mwisho wa veranda niliona bega la Mbaluka likishtuka. Alishika nguzo kwa mikono miwili. Niliona anataka kuondoka, kwa adabu yote aliyoishika maisha yake, na niliona anashindwa. Mwalimu hakurudia. Hakuwahi kurudia hata tulipokuwa wadogo.

"Niko, Mwalimu," Mbaluka akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima.

"Mbona uko nje na wenzako wako ndani?"

Alikuja akizungukia lango la kanisani. Angeweza kukata moja kwa moja kwenye veranda, ni hatua chache, lakini alitoka kwake, akazunguka, akaingia kwa njia ya wanafunzi. Alivua kofia mlangoni.

"Darasa hili ni la nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Ni la kanisa, Mwalimu."

"Na wewe humu ni nani?"

Mbaluka aliikunja kofia mikononi. "Humu mimi ni mwanafunzi wako," akasema.

"Basi keti."

Akaketi, magoti yakimfika kifuani, kati ya watoto, machozi yakimtiririka wala hayafuti. Jacklyne alikuwa ameegemea ukuta amefunika uso. Mwalimu Perez akageuza kichwa chote, akinitafuta kwa hilo jicho moja, mpaka akanipata mlangoni.

"Shiundu," akasema, "huo mkoba utaushika mpaka lini? Lete uweke kitandani kwangu."

Mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, nikasema ndiyo Mwalimu, nikaingia nikauweka.